Damu ya Pili

Wivu wangu haukuletwa na mume. Nilizaliwa nao. Kule kwetu Mbebe, milimani, mama akigawa viazi nilikuwa naitazama sahani ya dada yangu kwanza, ndipo niitazame yangu. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa binti mtulivu, nikaharibiwa na mwanamke mmoja wa huku bondeni. Huyo alinikuta tayari.

Mume wangu alikuwa mtu wa maabara katika kituo cha afya nje kidogo ya Tunduma, ukiifuata njia ya kwenda Ndalambo. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa themanini, vita vimekwisha na kila kitu kimekwisha navyo. Sabuni ilikuwa ya kuvizia. Ukimwona mtu shati lake linanukia, ulijua ana ndugu ng'ambo, Zambia. Mume wangu alikuwa na koti moja jeupe, na weupe wake nilikuwa naufanya mimi kwa majani ya mpapai na jasho langu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye vidole virefu visivyotetemeka. Kazi yake ilikuwa kuinamia darubini na kutazama damu, choo na mkojo wa watu, lakini wanawake wa vijijini walimwita dokta, naye hakuwahi kumsahihisha hata mmoja. Hilo lilinikera tangu siku ya kwanza.

Tulikuwa na binti mmoja, wa kwanza na wakati huo wa pekee. Alipofika umri wa sindano ya surua nilimbeba hadi kituoni, akachanjwa pamoja na watoto wa vijiji vya jirani. Nilitoka pale nimetua mzigo. Kwetu hatukuhesabu watoto mpaka surua ipite. Mama yangu alizika wawili kwa surua katika msimu mmoja wa kiangazi, na mimi mwenyewe naikumbuka ile pumzi yao ya mwisho mwisho, ya haraka, na macho yaliyofumbwa na utongotongo.

Kitu kimoja tu sikukifikiria siku ile. Friji la chanjo lilikuwa linatumia mafuta ya taa, na mafuta ya taa nayo yalikuwa ya kuvizia. Liliwaka, likazima, likawaka tena. Katoni ya chanjo ya siku ile ilikuwa humo ndani muda wote, na chanjo ikipata joto hufa.

Mvua zilipokaribia kwisha, mtoto mmoja wa kijiji cha ujamaa kilichokuwa chini yetu alishikwa na homa na kikohozi. Macho yakawa mekundu, mafua yakamtoka, kisha vipele vikaanza nyuma ya masikio vikashuka usoni hadi kifuani. Kila bibi aliyechungulia alisema surua. Tatizo ni kwamba mtoto huyo alichanjwa siku moja na binti yangu, kwa dawa ya katoni ileile.

Mganga mkuu wa wilaya alikuja na gari lake, akamtazama mtoto, akamfungua mdomo akammulika ndani ya mashavu, akakuna kichwa. Niliambiwa yote na mume wangu jioni ile akinawa mikono uani.

"Anasema inaweza kuwa surua," alisema. "Inaweza pia kuwa ile ndogo, rubela. Au mwili umekataa vidonge vya salfa alivyopewa kwa kikohozi. Vipele vinafanana."

"Sasa mnangoja nini? Wachanjeni watoto wote upya."

"Kwa chanjo ipi? Mkoani hawana ya kugawa kwa kubahatisha. Wakiitoa huku, kuna watoto wengine wataikosa. Anataka damu ndiyo iseme."

Akanieleza taratibu, kwa lugha ya mtu anayependa kazi yake. Mwili ukipigana na surua hutengeneza kinga, na kinga hiyo inapimika kwenye damu. Lakini damu ya siku moja haitoshi. Ukiikuta kinga, hujui ni ya sindano ya zamani au ni ya ugonjwa wa leo. Kwa hiyo unachukua damu ya kwanza vipele vikiwa bado vibichi, na ya pili baada ya wiki mbili hivi. Zote mbili zinapelekwa maabara kubwa kwa pamoja, zinapimwa siku moja, meza moja. Kinga ikiwa imepanda sana kati ya ya kwanza na ya pili, hiyo ni surua, haina ubishi. Isipopanda, ni kitu kingine, na dawa yetu haina kosa.

"Na ikiwa ni surua?" niliuliza.

Alimtazama binti yetu, aliyekuwa anatambaa kumfuata kuku.

"Basi dawa ilikuwa imekufa kabla ya kumchoma. Huyu hana kinga, na wenzake wote."

Mpaka hapo mimi na mume wangu tulikuwa kitu kimoja. Mtoto wetu alikuwa ndani ya ile damu. Ndipo akaniambia damu yenyewe anaichukua kwa nani.

Mama wa yule mtoto nilikuwa namjua kwa kumwona. Nani hakumjua? Alikuwa Mnyamwanga, mweusi wa kung'aa, shingo ndefu, na mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuitwa na kengele ya shamba la kijiji, ingawa alilima kama wengine. Mumewe alikuwa kwenye migodi ya shaba ng'ambo. Krismasi nyingine alikuja, Krismasi nyingine hakuja. Vitenge alivyomletea vilikuwa vya Kongo, na kila alipopita Tunduma sokoni navyo niliitazama khanga yangu iliyopauka nikaona heri ningebaki nyumbani.

Sasa sikiliza mila yenyewe. Huku bondeni, na hata kwetu milimani, mtoto mwenye surua hakaribiwi na mtu aliyetoka kulala na mwenzake. Ana joto la chumbani. Akiingia tu, vipele vinarudi ndani, na vikirudi ndani mtoto ni wa kuzika. Watu husema mengi juu ya surua, lakini hili lilikuwa halina mjadala. Kwa hiyo mume wangu alipofika mlangoni na sindano zake, yule mwanamke hakumuuliza sindano ni ya nini. Alimuuliza, "Dokta, wewe una mke. Umelala wapi?"

Na mume wangu, mtu asiyejua kudanganya hata mbuzi, akasema ukweli. Akafukuzwa.

Alirudi nyumbani, akakunjua mkeka, akautandika sebuleni.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Nalala hapa siku mbili tatu. Vipele visije vikakauka kabla sijapata damu."

"Kwa hiyo mwanamke mwingine ndiye anayepanga nani alale wapi nyumbani kwangu?"

"Mke wangu, nikidanganya na yule mtoto akafa, hata kama ni kwa kikohozi chake, hakuna mtu kijiji kizima atakayenipa mkono wa mtoto wake tena. Nitachukua damu ya nani?"

Alikuwa na haki. Kuwa na haki kwake hakukunisaidia. Nililala peke yangu kitandani nikimsikia anakoroma upande wa pili wa ukuta kwa ajili ya mwanamke mwenye shingo ndefu.

Damu ya kwanza ilipatikana. Aliizungusha kwenye mashine yake ya mkono mpaka damu nyekundu ikazama na maji ya njano yakabaki juu, akayatia kwenye kichupa. Kisha akafungua kabati langu akatoa chupa ya chai yenye maua, niliyopewa siku ya harusi, akaijaza barafu, na kichupa kikasafiri humo hadi Tunduma mjini. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, mwenyeji wa Kondoa, mtu wa malori, aliyekuwa na friji la umeme wa jenereta. Alikubali kuitunza ile damu katika sehemu ya kugandishia, kwa sharti ikae kwenye kopo lililofungwa mbali na nyama yake, na iwe imetoka kabla ya Ramadhani. Mfungo ukianza, alisema, friji ni la futari.

Nilidhani sasa kitanda changu kimerudi. Kumbe yule mwanamke alimwambia mlangoni, "Na ukija kuchukua ya pili, uje hivyohivyo." Mkeka haukukunjwa.

Wiki mbili si nyingi kwa mtu anayengoja barua. Kwa mwanamke mwenye wivu ni kifungo. Kila siku mume wangu alipata sababu ya kupita kule kumtazama mgonjwa. Alimpeleka mafuta ya macho, mtoto asije akapofuka. Alirudi na karanga kwenye mfuko wa koti, koti nililolifua mimi. Na alirudi na sifa.

"Yule mama anajua kumshika mtoto. Nilipomchoma hakutikisika hata kidogo."

"Mimi wangu alitikisika?"

"Nimesema hivyo?"

"Umesema kwamba yeye wake hakutikisika."

Alichukua gazeti la wiki iliyopita akalisoma tena. Nilizitafuna zile karanga zote peke yangu kwa hasira, na zilikuwa tamu.

Siku ya damu ya pili ilipokaribia, uvumilivu ulinishinda. Asubuhi moja nilichukua ule mkeka nikautupa kwenye pipa la maji, nikasema una kunguni. Nikachinja jogoo. Nikasuka nywele kwa jirani, nikajipaka mafuta ya Zambia niliyokuwa nimeyaficha kwa ajili ya Krismasi. Mume wangu alipoingia aliutazama mkeka unaochuruzika kwenye kamba, akanitazama mimi, akacheka. Alikuwa mwanamume mzima, si jiwe. Yaliyofuata ni ya mke na mume.

Asubuhi alikuwa na huzuni ya mtu aliyevunja kikombe cha watu.

"Itabidi ningoje tena siku chache," alisema. "Sitamwambia kitu. Nitachelewa tu."

Angeachiwa hivyo, mambo yangekwenda. Lakini mimi nilikuwa nimeshinda, na ushindi usiojulikana na mshindwa una raha gani? Alipokwenda kazini nilimfunga binti yangu mgongoni, nikateremka kijijini.

Nilimkuta anapepeta unga mbele ya nyumba, mtoto wake amekaa kivulini, vipele vimebaki madoa meusi, ngozi inabanduka banduka. Alinipokea vizuri, lazima niseme. Alinipa kigoda, akafuta mikono, akaniuliza hali ya mtoto wangu. Ule uzuri wake wa karibu ulikuwa mbaya zaidi kuliko wa mbali, kwa sababu ulikuwa na tabasamu.

"Nimepita tu kukujulisha," nilimwambia. "Baba watoto jana amelala kwangu."

Nilimaanisha kitu kimoja tu: ni wangu. Kila mwanamke duniani angelisikia hivyo. Yeye hakusikia hivyo hata kidogo. Alisimama, akamnyanyua mtoto wake kwa kwapa, akamwingiza ndani, akarudi akasimama kizingitini na mkono kwenye mlango.

"Ahsante sana, mukwai," alisema, kwa neno lao la heshima. Alisema kwa moyo. "Mwingine angenyamaza, mtoto wangu akaletewa joto la chumbani. Mungu akulipe kwa kunilindia."

Akafunga mlango. Nilibaki uani na kigoda chake.

Jioni mume wangu aliingia bila kuvua viatu. "Amenikataza kukanyaga pale," alisema. "Anasema mimi ni mtu wa kuficha. Anasema mke wangu ndiye mwaminifu." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa akaniambia kwamba mwezi wa Ramadhani u karibu kuandama, na mtu wa Kondoa ameshauliza mara mbili kopo linatoka lini. Bila damu ya pili, ile ya kwanza ni maji tu. Na jirani yetu wa nyuma, mwenye mtoto aliyechanjwa siku ileile, alikuwa amekuja kituoni na mtoto anayekohoa.

Nilimshika binti yangu paji la uso. Lilikuwa la kawaida. Nililishika tena.

"Nenda ukamwombe," nilisema.

"Nimeomba. Anasema mwanamume ataapa chochote akitaka kitu. Anataka neno lako wewe. Nikae mbali nawe kwanza, kisha wewe mwenyewe ufike pale useme kwa mdomo wako kwamba sijakugusa. Hapo atafungua."

Mkeka ulikuwa umekauka. Niliutandika mimi mwenyewe safari hii, nikaupiga piga kwa mkono kuunyoosha. Siku zile nilipika bila chumvi ya maneno. Nilikuwa namsikiliza mtoto wa jirani anavyokohoa, na kila alipokohoa nilimgeuza wangu nimtazame nyuma ya masikio.

Siku tuliyokwenda haikuwa siku ya shamba la kijiji. Ilikuwa siku ya kupukuchua mahindi, na wanawake wote wa mstari ule wa nyumba walikuwa wamekaa mbele ya mlango wake, wamezunguka lundo la magunzi, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Tulipotokea, mimi mbele na mume wangu nyuma na kisanduku chake, midomo ilisimama. Mikono iliendelea polepole.

Yeye alitoka akasimama kizingitini, amejifunga kitenge cha rangi ya machungwa. Mume wangu alibaki njiani, mbali, kama alivyoagizwa.

"Karibu, mama," aliniambia. "Sema."

Nilifikiri angeniita ndani. Nilifikiri angalau angeshuka tusemezane kwa chini, mwanamke na mwanamke. Lakini neno la namna hiyo, kwa mila yao, halisemwi kwa kificho, kwa sababu mtoto akidhurika wote wawe mashahidi.

"Hajanigusa," nilisema.

"Tangu siku ile uliyokuja?"

"Tangu siku ile."

Alinitazama usoni mara moja tu, akasogea kando, akamwita mume wangu apite.

Hakuniuliza mara ya pili. Hakuniapisha. Mume wangu, aliyekuwa na cheti cha chuo na koti jeupe, hakuaminiwa; mimi niliaminiwa kwa kutazamwa. Bibi mmoja mwenye gunzi mkononi alisema, "Anasema kweli huyo, si mnamwona?" na wenzake wakaguna kukubali. Nilisimama pale mbele ya macho ya wanawake wote wale nikiwa na shahada ya kutoguswa na mume wangu, iliyogongwa muhuri na mwanamke ambaye mume wake hayupo na bado anapendeza.

Kupitia mlangoni niliwaona. Mtoto alikuwa amepakatwa. Vidole vya mama yake vilikuwa vimeushika mkono wa mtoto juu ya kiwiko, na vidole vya mume wangu chini yake, vinatafuta mshipa. Kati ya vidole na vidole hapakuwa na nafasi ya kupitisha punje ya mahindi. Alikuwa anaimba kwa chini, na mume wangu alikuwa anapumua kwa mdundo wa ule wimbo bila kujijua. Damu ilikuja vizuri. Mtoto hakutikisika.

Vichupa viwili viliondoka Tunduma kwa treni, vimelala katika barafu, kabla mwezi haujaandama. Tukangoja. Mtoto wa jirani yetu alitoka vipele, akaugua vibaya, akapona akiwa amebaki mifupa. Wengine wawili wa vijiji vya chini hawakupona. Mimi sikumtoa binti yangu nje. Nilimfungia ndani na mimi nikajifungia naye. Mume wangu alirudi kitandani, na hata hapo nililala nikisikiliza pumzi ya mtoto, si yake.

Kisha asubuhi moja mhudumu wa kituo alipita nyumba kwa nyumba akipiga kelele kwamba watoto wote wa sindano ile warudi. Nilikimbia na mtoto mgongoni bila hata kunawa uso. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye uzio. Na nilipotazama mbele, karibu kabisa na meza, nani amesimama?

"Umesikia, mama?" aliniuliza kwa sauti ya furaha, watu wote wakageuka. "Damu imesema. Ya pili ilikuwa imepanda mno. Ilikuwa surua yenyewe, dawa ilikufa. Dokta alipita jana jioni kunieleza. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Baadaye alinieleza kwamba majibu ya damu anapewa kwanza mwenye damu, ndiyo kazi ilivyo, na kwamba aliporudi nilikuwa nimelala na mtoto kifuani, akanionea huruma kuniamsha. Mimi nilisikia tu neno "jana jioni". Niliona njia nzima kutoka kituoni hadi kijijini, ambayo haiwezi kupitwa bila kupita mlango wangu, na mume wangu anaupita na habari ya uhai wa mtoto wangu mfukoni kuipeleka kwenye kitenge cha machungwa.

"Njoo, shika nafasi yangu," alisema, akanivuta mkono. "Mimi nimekuja kumchanjisha mtoto wa mdogo wa mume wangu tu, anaweza kungoja. Huyu wangu sina tena hofu naye. Surua haimgusi tena mpaka anazeeka. Wako ndiye bado."

Mtoto wake alikuwa amesimama kando yake, mwembamba, madoa yamekwisha, anatafuna muwa. Alikuwa ameshavuka. Mungu na yule mwanamke walikuwa wameshamhesabu. Wangu alikuwa mgongoni mwangu, mnene, msafi, hajaumwa kitu, na mbele yake kuna sindano nyingine ya kuaminiwa kama ile ya kwanza.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na nimewaonea watu wivu kwa nyumba, kwa mashamba, kwa waume. Lakini siku ile, kwenye foleni ya kituo cha afya, nilimwonea mtu wivu wa surua. Nikasema ahsante, nikapita mbele.